Namna ya Kuongoza Msafara wa Magari Kuvuka Safu ya Nyandarua, Kutoka Nairobi Hadi Nyeri

Wakazi wengi wa Nairobi wenye magari ya kuvuta kwa magurudumu yote manne huyaendesha mwaka mzima juu ya lami, na siku wanapoamua kuyapeleka mlimani huwaza safari za mbali, ilhali safu ya Nyandarua, iitwayo pia Aberdare, ambayo kilele chake cha Satima kina kimo cha mita 4,001, iko mwendo wa saa chache tu kutoka mjini. Njia ninayoieleza hapa hupanda kutoka upande wa Kinangop, huingia Hifadhi ya Taifa ya Aberdare kwa lango la Mutubio, huvuka uwanda wa juu ulio zaidi ya mita 3,000, kisha hushuka kwa lango la Kiandongoro kuelekea Nyeri. Nimekuwa nikiwaongoza watu kwenye njia hii kwa miaka kadhaa, na kanuni ninayoisisitiza kuliko zote ni kwamba msafara hupangwa kwa kulitazama gari lililo dhaifu kuliko yote na dereva aliye mgeni kuliko wote. Anayepanga safari kwa kutazama gari lake mwenyewe, lenye winchi na matairi mapya, huwa amewapangia wenzake matatizo.

Hatua ya kwanza: chagua majira na idadi ya magari

Januari na Februari ndiyo miezi mizuri kuliko yote. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba huugeuza udongo wa mlima kuwa utelezi ambao hata matairi ya matope huushindwa, na Julai na Agosti huja na baridi na ukungu mzito, ingawa njia hupitika. Magari yawe baina ya manne na sita. Yakipungua, likikwama moja hakuna mikono ya kutosha, na yakizidi, nusu ya siku hupotea katika kusubiriana.

Hatua ya pili: kagua magari wiki moja kabla

Ukaguzi ufanyike Nairobi, mahali fundi na spea zinapopatikana, na ufanyike mapema ili kasoro itakayoonekana ipate muda wa kurekebishwa. Huwaomba madereva wote tukutane mahali pamoja Jumamosi inayotangulia, kisha tunalikagua kila gari kwa mikono yetu badala ya kuamini maneno ya mwenyewe.

Anza na rejeta. Kadiri unavyopanda, hewa hupungua uzito, na maji huchemka kwenye joto dogo zaidi; kwenye kimo cha mita 3,000 maji yaliyo wazi huchemka yakiwa na nyuzi 90 hivi za selsiasi. Kinachoyazuia maji ya rejeta yasichemke mapema ni msukumo unaohifadhiwa na kifuniko chake, kwa hiyo kifuniko ambacho mpira wake umechakaa, na ambacho hakijawahi kukusumbua mjini, kinaweza kukuangusha kwenye mteremko wa Mutubio. Kibadilishe, kwani bei yake ni ndogo. Wala asitokee mtu wa kukifungua kifuniko hicho injini ikiwa ya moto, hata akiwa na haraka kiasi gani.

Jambo la pili ni nguvu ya injini. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda. Nairobi yenyewe iko kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, kwa hiyo gari lako tayari limepungukiwa hapo nyumbani, na litakapofika uwanda wa juu litakuwa limepoteza karibu thuluthi ya nguvu ambazo lingekuwa nazo Mombasa. Dereva asiyelijua hili hudhani gari limeharibika na huanza kulilazimisha.

Kisha tazama breki, mafuta ya breki, mikanda ya injini, betri na spea ya gurudumu, na uhakikishe kwamba gia ya 4L, yaani ile gia nzito ya magurudumu yote manne yenye mwendo mdogo na nguvu nyingi, inaingia na kutoka bila shida. Wako wenye magari ambao hawajawahi kuitumia tangu walipoyanunua, na fimbo yake imeganda. Ni heri jambo hilo lijulikane mjini.

Hatua ya tatu: vifaa, na hasa vya kujinasua

Chukueni kompresa mbili kwa msafara mzima, kipimo cha upepo cha kuaminika, koleo, panga, jeki yenye ubao mpana wa kuiwekea chini, mbao za kukanyagia matope, kamba ya kuvutia inayonyumbuka, pingu za chuma za kuunganishia kamba na gari, zilizoandikwa uzito zinaoweza kubeba, glavu nene, na sanduku la huduma ya kwanza ambalo angalau watu wawili wanajua kulitumia. Maji ya kunywa yabebwe kwenye mitungi ya kudumu, kwa kuwa plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi zetu tangu tarehe 5 Juni 2020, na askari wa langoni hukagua.

Kamba ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi, nami huitolea somo lake pekee kabla ya kuondoka. Kamba inayonyumbuka huhifadhi nguvu inapovutwa, na kitu chochote kikikatika, nguvu hiyo yote hurusha kipande cha chuma kwa kasi inayoweza kuua. Kwa sababu hiyo, kamba isifungwe kamwe kwenye kile kichwa cha mviringo cha kuvutia trela. Hakikuundwa kwa kazi ya kushtua namna hiyo, na watu wamekufa katika nchi mbalimbali kwa sababu ya kosa hilohilo moja. Fungeni kwenye vishikio vilivyokazwa kwenye chesisi, na kama gari halina vishikio hivyo, fundi aviweke kabla ya safari au gari libaki nyumbani. Wakati wa kuvuta, wekeni blanketi zito katikati ya kamba ili liizuie isiruke, na watu wote wasio madereva wasimame pembeni, mbali kwa umbali wa urefu wa kamba na nusu yake tena.

Hatua ya nne: mpangilio wa msafara

Gari la mbele liendeshwe na anayeijua njia. Gari la mwisho liendeshwe na mtu mtulivu aliye na vifaa vingi vya kujinasua, kwa sababu tatizo lolote litakuwa mbele yake na atalifikia bila kugeuza. Dereva mgeni kuliko wote akae nafasi ya pili, nyuma ya kiongozi, aone magurudumu ya mbele yanapita wapi. Wengi humweka mkiani kwa kumwonea huruma, wakidhani hatawachelewesha wengine, kumbe hapo ndipo anapopotea.

Kila dereva anawajibika kwa gari lililo nyuma yake. Kwenye njia panda yoyote, unasimama hadi dereva wa nyuma akuone na akuashirie, ndipo unaendelea. Kanuni hii ikifuatwa, msafara haukatiki hata simu zikikosa mtandao, na juu kule hukosa kwa vipande virefu. Redio za mkononi zilizoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano husaidia sana, lakini si mbadala wa macho. Ramani za njia zihifadhiwe kwenye simu mapema.

Hatua ya tano: kutoka mjini hadi langoni

Ondokeni saa kumi na moja alfajiri. Fuateni barabara ya Naivasha hadi mahali paitwapo Flyover, mkunje kulia kuelekea Njabini, kisha Engineer na Ndunyu Njeru. Jazeni matangi kabla ya kuacha lami. Ndani ya hifadhi hakuna kituo cha mafuta, na gia ya 4L hula mafuta mno, hata mimi huhesabu kila kilomita ya mlimani kuwa mbili.

Mkipita Njabini mtakuwa jirani na bwawa la Sasumua, ambalo pamoja na lile la Ndakaini huwapa wakazi wa Nairobi maji yanayotoka kwenye milima hii. Huwaeleza abiria jambo hilo hapo hapo, kwa sababu baadaye nitakapowakataza madereva kutoka nje ya njia, watakuwa wanaelewa ni maji ya nani wanayoyakanyaga.

Ada za hifadhi hulipwa kupitia eCitizen, basi kila gari lilipe likiwa bado Nairobi na stakabadhi ihifadhiwe kwenye simu. Lengeni kufika Mutubio kabla ya saa tatu na nusu asubuhi.

Hatua ya sita: kupunguza upepo na kupanda

Kwenye kituo cha kwanza baada ya lami, punguzeni upepo wa matairi. Gari la wastani linalotembea na PSI 35 mjini lishuke hadi 25 hivi kwa njia ya mawe na udongo mgumu, na likikutana na matope mazito linaweza kushuka hadi 20, mradi mwendo uwe wa polepole na usukani usikatwe ghafla. Tairi lililolegea hulala chini kwa upana zaidi na kushika vizuri.

Ingizeni 4L kabla ya mlima kuanza, si katikati yake. Chagueni gia ya pili, kanyageni mafuta kidogo kidogo bila kusitasita, na kila gari lisubiri la mbele lifike kwenye kituo salama kabla ya kuanza kupanda. Sehemu iliyochimbika na maji, dereva afuate mikono ya mtu mmoja tu aliyesimama mbele yake, mahali anapoonekana, pembeni kidogo mwa mapito ya gari. Mtu huyo aoneshe upande wa kukata usukani kwa kidole gumba na mkono mzima, taratibu, naye dereva atazame mikono hiyo badala ya shimo. Sauti za watu watano wanaoelekeza kwa pamoja zimeyaangusha magari mengi mitaroni kuliko matope yenyewe.

Injini ikizimika katikati ya mlima, usiingize gia huru wala usijaribu kugeuza gari kwa upande, kwani gari likikaa mshazari kwenye mteremko linaweza kubingirika. Kanyaga breki ya mguu kwa nguvu na uvute breki ya mkono. Kwa gari la gia za mkono, kanyaga klachi, ingiza gia ya nyuma ikiwa 4L, achia klachi taratibu hadi gia ishike, ndipo uachie breki na uwashe injini. Gari litashuka nyuma polepole likizuiwa na injini yenyewe, nawe kazi yako itakuwa kushika usukani ulionyooka. Jizoezeni jambo hili kwenye kilima kidogo kabla ya safari. Usiku wa kwanza wa mvua mlimani si mahali pa kujifunzia.

Hatua ya saba: uwanda wa juu

Baada ya mianzi kuisha, msitu hufunguka na kuwa nyanda za nyasi za vishungi na lobelia kubwa. Mifuko ya krisps ndani ya gari itakuwa imevimba kama puto kwa wepesi wa hewa ya nje, na vifuniko vya madebe ya akiba vifunguliwe taratibu kwa sababu hiyohiyo. Magari yasitoke njiani hata tairi moja. Udongo wa hapa hushika maji na kuyaachia mito kidogo kidogo, na alama ya gurudumu hubaki kuwa mfereji kwa miaka.

Mwendo wa juu ni kilomita 40 kwa saa, ingawa mara nyingi hamtafika hata 20. Ukungu ukishuka, washeni taa za chini; taa kali hurudi machoni. Achianeni nafasi ya kutosha gari la mbele kurudi nyuma, kwa maana ndovu na nyati hutokea kwenye kona bila taarifa, na kiongozi akikutana na ndovu akiwa ameminywa na gari lililo nyuma yake, hana pa kwenda. Msishuke isipokuwa kwenye vituo vilivyotengwa, kama kile cha maporomoko ya Karuru, yenye urefu wa mita 273 kwa ngazi tatu. Nendeni mkayaone, yanastahili saa nzima.

Tazama pia watu. Kichwa kuuma, kichefuchefu na uchovu usio wa kawaida ni dalili za kimo, na mtu anayeanza kuyumba au kusema ovyo ateremshwe mara moja bila mjadala.

Saa nane mchana ndiyo saa ya kuamua. Kama hamjavuka nusu ya njia, rudini Mutubio, kwa kuwa malango hufungwa saa kumi na mbili jioni. Saa hiyo itangazwe Nairobi, kila mtu akiwa na akili yake imetulia, ili ikifika isigeuke ugomvi.

Hatua ya nane: kushuka Kiandongoro

Shukeni kwa 4L, gia ya kwanza au ya pili, mguu ukiwa mbali na klachi. Wenye magari ya otomatiki wachague L au 1. Injini ndiyo izuie gari, na breki iguswe kwa vipindi vifupi. Ukisikia harufu ya breki kuungua, simama mahali tambarare na usubiri zipoe zenyewe, usizimwagie maji.

Hatua ya tisa: baada ya lango

Jazeni upepo kabla ya kuingia lami ya Nyeri, kazeni nati za magurudumu, na mchungulie chini ya kila gari kama kuna mafuta yanayovuja au jiwe lililonasa karibu na breki. Njia ya kurudi ni Karatina, Sagana, Makutano na Thika, na wengi hufika Nairobi usiku wakiwa wamechoka; anayesinzia alale Nyeri. Kiongozi asizime simu hadi dereva wa mwisho aandike kwamba amefika kwake, na asubuhi inayofuata akusanye kutoka kwa kila mmoja kiasi cha mafuta alichotumia, maana hesabu ya safari ijayo hutoka hapo.