Kuhesabu nondo kwenye taa ya uani msimu wa kipupwe

Hapa Tanga wadudu wa kwenye taa watu wanawajua masika, kumbikumbi wamejaa sebuleni unazima taa unalala. Ila Juni mpaka Agosti, kusi linavuma na usiku kuna kabaridi, bado wanakuja, wachache tu, na mi naona huo ndo wakati mzuri wa kuanza kuhesabu nondo, wale wadudu kama vipepeo wa usiku, maana unamwangalia mmoja mmoja bila kuchanganyikiwa.

Vifaa ni shuka jeupe, balbu nyeupe (ya njano haiwavuti sana), daftari na simu. Shuka libandike ukutani upande usiopigwa na upepo, likianza kupepea kama tanga la ngalawa hakuna nondo atakayetua hapo. Zima taa zingine za nje. Mwezi mpevu nao unawapunguza, kwa hiyo subiri siku za giza.

Anza saa moja usiku, chungulia tena saa tatu, saa nne, afu zima. Usiwashe mpaka asubuhi jamani, kuna utafiti wa 2024 umeonyesha wadudu wanageuzia mgongo kwenye mwanga, ndo mana wanazunguka taa wanashindwa kutoka, na hapo hawali wala hawazaani.

Kwenye kuandika ndo wengi wanapozembea. Andika tarehe, saa, mtaa, upepo, mvua, mwezi angani (mpevu au giza), balbu gani, na idadi ya kila aina. Jina hulijui? Andika "kahawia mdogo, mstari mweupe", piga picha kutoka juu mabawa yaonekane, weka rula pembeni, afu tupia iNaturalist, mtandao wa kutambua viumbe kwa picha, wenye ujuzi wakusaidie. Na usiku ambao hajaja hata mmoja uandike pia, sifuri, tena hiyo sifuri ina maana kuliko nondo mzuri uliyemuona mara moja, maana bila hiyo hutajua kama Julai wamepungua kweli au we ndo ulilala mapema.

Kale kadudu kembamba kekundu na keusi usikaponde kakitua shingoni, majimaji yake yanababua ngozi, kapulize tu. Mjusi kafiri mwache, ila hesabu kabla hajashiba.

Alfajiri pitia ukuta tena, waliobaki wahamishie kwenye majani kabla kuku hawajafunguliwa.