Hinji za kikombe: kuchagua biti ya kutoboa mlango wa kabati bila kuuharibu

Mafundi wenzangu, leo tushike jambo moja: lile tundu la mm 35 linalotobolewa nyuma ya mlango wa kabati ili kikombe cha hinji, yaani ile sehemu yake ya duara, kikae. Wengine huziita bawaba za kujificha, kwa sababu mlango ukifungwa huzioni. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, lakini ukikosea hapo mlango umekwenda.

Najua kwa sababu yamenipata. Kabati langu la kwanza la jikoni lilikuwa la nyumba moja Milimani, hapa Kisumu, milango minane ya melamini nyeupe, yaani bodi ya kiwandani iliyofunikwa kwa ganda laini gumu. Sikuwa na biti nyingine kubwa isipokuwa biti bapa, ile yenye umbo la kasia. Nikatoboa mlango wa kwanza, nikaona kina kimetosha, nikaugeuza nipanguse vumbi. Upande wa mbele, katikati ya ule weupe, ncha ilikuwa imechungulia. Nilimwambia mwenye nyumba siku hiyo hiyo, nikanunua bodi nyingine kwa pesa yangu. Tangu hapo siwashi drili kabla ya kupiga hesabu hii.

Hesabu ya ncha

Bodi zetu nyingi za kabati zina unene wa mm 16 au 18. Kikombe cha hinji ya kawaida kinahitaji kina cha mm 11.5 hadi 13, kutegemea aliyeitengeneza; pima kikombe chenyewe kwa rula, usikisie. Tuseme ni mm 12. Kwenye bodi ya 16 unabakiwa na mm 4 tu za mbao kati ya tundu na uso wa mlango. Sasa kumbuka kwamba ncha ya katikati ya biti hutangulia makali. Ncha ikiwa na urefu wa mm 4 au zaidi, itatokea mbele kabla kikombe hakijapata nafasi yake.

Kwa hiyo ukienda dukani, usiulize bei kwanza. Shika biti, pima ncha yake kuanzia pale makali yanapoishia.

Biti zilizopo

Biti bapa ni ya kupitisha tundu kutoka upande mmoja hadi wa pili, kwa mfano njia ya waya au bomba. Ncha yake ni ndefu, mara nyingi inapita mm 10, na sakafu ya tundu lake ni mbaya. Kwa hinji iache.

Biti ya Forstner ndiyo rafiki yetu. Jina ni la Benjamin Forstner, fundi wa bunduki Mmarekani aliyeipatia hataza mwaka 1874. Uzuri wake ni kwamba biti inaongozwa na ukingo wake wa nje wala haitegemei ncha. Ndiyo maana ncha inaweza kuwa fupi sana, na sakafu ya tundu inatoka tambarare. Ya chuma cha kawaida inakata vizuri sana saipresi, mukima na mahogani. Lakini chipbodi na MDF, yaani bodi za vipande au unga wa mbao vilivyogandamizwa, zimejaa gundi iliyokauka, na gundi hiyo inamaliza makali haraka.

Ya tatu ni biti ya hinji yenye vipande vya kabaidi, madini magumu kuliko chuma, kwenye makali. Inafanana na Forstner ila ni butu kwa umbo, ncha yake ni fupi, na imetengenezwa kwa bodi za viwandani. Bei yake iko juu. Ikiwa kazi zako nyingi ni za melamini na MDF, jinyime mahali pengine uinunue. Kama unatengeneza makabati mawili kwa mwaka ya mbao za kawaida, Forstner ya chuma inakutosha.

Angalia pia shina, ile sehemu ya biti inayoingia kwenye drili. Drili nyingi ndogo za betri zina taya zinazofunguka hadi mm 10 tu. Nimemwona kijana amerudi na biti nzuri ya shina nene, na haiingii.

Kuweka alama

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine pote.

Ukuta mdogo unaobaki kati ya tundu na ukingo wa mlango huwa mm 3 hadi 6. Mimi hupenda 5 kwa bodi ya 18. Nusu ya 35 ni 17.5, ongeza 5, unapata 22.5: hapo ndipo ncha ya biti itue, ukipima kutoka ukingoni. Ukiacha mm 4, kitovu kinakuwa 21.5. Kila mm 1 unayoongeza hapo, mlango unafunika ubavu wa kabati kwa mm 1 zaidi. Kwa hiyo amua kwanza mlango ufunike kiasi gani, kisha soma karatasi iliyokuja na hinji ujue ukuta wake. Ukiacha chini ya mm 3, ukuta unapasuka, hasa kwenye chipbodi.

Kwa urefu, hinji ya juu na ya chini zikae takribani mm 100 kutoka kila mwisho. Kabla ya kuchora, angalia ndani ya kabati: je, hapo kuna rafu? Hinji ikikutana na rafu, utahamisha kimojawapo, na rafu ndiyo rahisi ikiwa hujaifunga.

Chora kwa penseli iliyochongwa, tumia skwea, kisha gonga kishimo kidogo kwa sentapanchi au msumari. Usipogonga, biti itateleza kwenye melamini kama mguu kwenye tope la Mei.

Kutoboa

Laza mlango uso chini juu ya ubao chakavu ulio safi, kisha ubane kwa klampu. Punje moja ya mchanga ikibaki katikati, itakwaruza uso.

Toboa kwanza kipande cha taka cha bodi ile ile. Toboa hadi kina unachotaka, tumbukiza kikombe, geuza uone nyuma. Sijaona fundi aliyejutia kipande cha taka.

Zima kazi ya kugonga ya drili. Anza polepole hadi ukingo wa biti ukate duara kamili kwenye melamini, ndipo uongeze mwendo kidogo. Drili ya umeme ikifunguliwa hadi mwisho inakwenda kasi mno kwa biti pana kama hii. Chuma kinapata moto, kinageuka buluu, na kikishageuka buluu makali yamekufa. Toboa kidogo, inua, toa unga, rudia. Ukiwa na drili ya kusimama itumie, maana inashika wima na ina kizuizi cha kina. Ukiwa na ya mkono, weka skwea ubavuni uangalie usimamaji, na ufunge tepu ya rangi kwenye biti kama alama ya kina. Afadhali usimame mm 1 kabla, upime, umalizie.

Skrubu na sahani

Tumbukiza kikombe, kilinganishe na ukingo kwa skwea, kisha weka alama za skrubu mbili. Skrubu za mm 3.5 zinataka tundu la mwongozo la mm 2 kwenye mbao laini na 2.5 kwenye mbao ngumu na MDF. Wengi huruka hatua hii, halafu MDF inavimba kuzunguka skrubu au mvule unapasuka. Ukipata biti ndogo inayojiweka katikati, yenye ala ya springi, itakuokoa na skrubu zilizoinama.

Sahani ya ubavuni, kile kipande cha chuma kinachofungwa ndani ya kabati ili kishike mkono wa hinji, kwa kawaida hukaa mm 37 kutoka ukingo wa mbele wa kabati hadi mstari wa skrubu zake, na matundu yake mawili yameachana kwa mm 32. Kitovu cha sahani kiwe sawa na kitovu cha kikombe. Ning'iniza mlango, kisha urekebishe kwa skrubu za hinji: moja inasogeza kushoto na kulia, nyingine mbele na nyuma, na zile za sahani juu na chini. Zinasogeza mm chache tu, haziponyi vipimo vibaya.

Maswali ya wanachama

*Fundi wa Kondele:* Boss, sina Forstner ya 35 lakini nina msumeno wa tundu wa saizi hiyo. Si unafanya kazi?

Unaweza, ndugu, ila utahangaika. Biti ya katikati ya msumeno huo ndiyo itakayotoboa mlango hadi mbele, kwa hiyo itoe. Bila hiyo msumeno utaruka, basi kabla ya kuitoa toboa tundu la 35 kwenye plaiwudi, uibane juu ya mlango iwe kiongozi. Kata duara hadi mm 12, kisha chimba katikati kwa patasi kali. Sakafu itakuwa na mawimbi, lakini kikombe kinaificha. Kwa milango miwili, sawa. Kwa jikoni nzima, nunua biti.

*Mama wa Bungoma:* Mimi si fundi, samahani. Milango yangu ya kabati la nguo imelala na skrubu zinazunguka tu. Fundi anasema ninunue milango mipya.

Karibu mama, swali lako ni la maana. Kwanza hesabu hinji. Mlango wa hadi mm 900 unatosheka na mbili, hadi mm 1600 tatu, na karibu mm 2000 nne. Milango ya kabati la nguo mara nyingi imepewa mbili tu, na uzito ndio uliong'oa skrubu. Milango yenyewe inaweza kuwa mizima. Mwambie fundi atoboe pale palipolegea kwa biti ya mm 8, agongee kijiti cha mbao cha mm 8 chenye gundi, akikate usawa, aache hadi kesho, kisha atoboe upya mwongozo mdogo. Kwenye mlango asizidishe kina cha mm 12. Na aongeze hinji. Ikiwa bodi imevimba kwa maji, hapo ana haki. Iliyovimba haishiki tena.

*Mwanafunzi, Kakamega:* Biti yangu inatoa moshi na harufu ya kuungua. Ni mpya ya mwezi mmoja.

Mwanangu, umetoboa MDF kwa Forstner ya chuma, au sivyo? Punguza mwendo, na toa unga mara kwa mara, maana unga uliojaa ndio unaopasha moto. Kisha inoe. Chukua tupa ndogo laini au jiwe, unoe uso wa ndani wa yale makali mawili bapa tu, mara chache, sawa kila upande. Ukingo wa nje usiuguse kabisa. Ukiupunguza, biti haitoi tena 35. Ya kabaidi tupa haiiwezi, inataka jiwe la almasi.

*Fundi wa Nakuru:* Na mlango unaoingia ndani ya fremu, vipimo ni vile vile?

Tundu la kikombe ni lile lile, mzee wangu. Kinachobadilika ni hinji na sahani. Nunua hinji yenye mkono uliopinda sana, si ule ulionyooka, na usogeze sahani nyuma kwa unene wa mlango: kwa mlango wa 18, 37 inakuwa 55. Ongeza mm 1 kama unataka mlango uzame kidogo. Milango miwili ikigawana ubavu mmoja, tumia yenye mkono uliopinda nusu.

*Fundi wa Kondele:* Nimeshatoboa mmoja karibu sana na ukingo, umebaki mm 1. Nifanyeje?

Usiutupe bado. Kata kizibo cha mbao cha mm 35 kwa unene wa kina cha tundu, kitie gundi, kibane usiku kucha, kisawazishe kwa msasa. Kesho pima upya, na tundu jipya ulishushe kando mm 50 hivi, sahani nayo uihamishe. Usitoboe juu ya kile kizibo, mduara wa biti utakishika nusu na kukikwangua.