Kumfuga kaa wa mtoni kwenye tangi la kioo: maelezo ya fundi vioo wa Morogoro

Mteja akija kuagiza tangi, swali langu la kwanza ni: unataka kuweka nini ndani? Akisema kaa, vipimo vyote vinabadilika. Kaa wa mtoni hataki kina kirefu. Anataka ukingo wa kijito: maji kidogo, mawe, mahali pakavu pa kupanda na kiza cha kujificha.

Kwa kaa mmoja nakata kitako cha sentimita 60 kwa 30, kimo 35, kioo cha milimita 5. Kimo hicho si cha maji. Maji yanaishia sentimita 12 hivi, inayobaki ni nafasi ya kumzuia asifikie mdomo wa tangi. Silikoni ya kuunganishia vioo iwe ile inayonuka siki inapokauka, na soma maandishi kwenye bomba lake kabla hujalipa. Ile inayozuia kuvu ni ya bafuni, imetiwa dawa, usiitumie kwa kiumbe yeyote. Liache tangi wiki nzima mpaka harufu ya siki iishe kabisa, ndipo ujaze maji kuangalia kama linavuja.

Sasa kaa gani? Wale wanaouzwa Feri, Dar es Salaam, ni wa bahari na mikoko. Ukimtia kwenye maji ya bomba yasiyo na chumvi anaweza kukaa siku kadhaa ukadhani amezoea, kumbe anakufa polepole. Ninaowasema mimi ni kaa wa vijito vya milimani, jenasi Potamonautes, wanaojificha chini ya mawe huku Uluguru. Hawa hawahitaji bahari hata kwa kuzaa. Jike hubeba mayai chini ya mkia wake uliokunjwa tumboni, na yakianguliwa hutoka vikaa vidogo vyenye umbo kamili. Mkia huohuo ndio utakaokuonyesha jinsia: wa jike ni mpana na unafunika karibu tumbo zima, wa dume ni mwembamba wenye ncha.

Wapo ndugu zao ambao ningekuomba uwaache walipo. Usambara Mashariki kuna Potamonautes raybouldi, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2004, ambaye huishi kwenye maji yaliyotuama ndani ya mashimo ya miti. Kigoma kuna wale wa Platythelphusa, wasiopatikana kokote duniani ila Ziwa Tanganyika. Wamezoea maji magumu, yaani yenye madini mengi, na pH (kipimo cha uchachu wa maji) karibu 9, na maji ya vijito vyetu hayafanani na hayo hata kidogo.

Kaa usimtoe ndani ya hifadhi ya msitu. Vijito vinavyopita mashambani vinatosha, na mwenye shamba muombe ruhusa. Vaa buti za mvua kwa sababu ya kichocho, na kwa sababu hiyohiyo konokono wa mtoni usiwabebe kupamba tangi. Geuza jiwe taratibu, mshike kaa kwa nyuma, kidole gumba juu ya gamba na vingine chini, magando hayatakufikia. Jike mwenye mayai mrudishe, jiwe nalo lirudishe. Safari ya nyumbani mweke kwenye ndoo yenye majani mabichi yaliyolowa, si ndoo iliyojaa maji. Maji yaliyofunikwa huishiwa hewa haraka, wakati kaa huyu akibaki na unyevu anapumua vizuri nje ya maji.

Ndani ya tangi anza na mawe makubwa, yakae moja kwa moja kwenye kioo, kisha ndipo umwage mchanga na kokoto. Ukianza na mchanga atachimba chini ya jiwe mpaka limwangukie, au lipasue kioo, na hapo utanitafuta mimi. Theluthi moja ya eneo iwe nchi kavu. Kifuu cha nazi kilichotobolewa mlango kinampa chumba cha kulala. Tia na majani makavu ya mti wa mkungu, yaliyoanguka yenyewe: maji yatageuka rangi ya chai, naye atayatafuna mpaka ibaki mishipa tu.

Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke. Kila wiki toa theluthi moja, uongeze mapya. Unapoyavuta kwa mpira, usinyonye kwa mdomo. Pampu ndogo ya hewa yenye chujio la sponji inatosha. Umeme ukikatika, mwenye samaki anahangaika; kaa yeye anapanda zake juu ya jiwe. Kwangu hiyo peke yake ni sababu ya kutosha kumchagua kaa. Joto ndilo la kuangalia zaidi. Huyu ni mtu wa milimani, kwa hiyo tangi likae mbali na dirisha la jua, sehemu ya nyumba yenye sakafu baridi.

Mfuniko si pambo. Kaa hupanda mpira wa hewa, na hata kona zenye silikoni nene. Natengeneza fremu ya alumini yenye waya mgumu, tundu la mpira naliziba kwa sponji, halafu juu naweka jiwe. Wavu wa plastiki wa dirishani ataukata.

Lakini anayewaua kaa wengi wa wateja wangu ni dawa ya mbu. Dawa nyingi za kupuliza ni za jamii ya pareto, hushambulia mishipa ya fahamu ya wadudu, na kaa kwa ukoo yuko karibu na wadudu kuliko na samaki. Mtu anafunika tangi vizuri, anapuliza chumba, anafunga mlango. Pampu inaendelea kuvuta hewa ya chumba kilekile na kuisukuma ndani ya maji. Asubuhi kaa amelala chali. Chumba cha kaa kiwe na neti tu. Mchicha wa sokoni uoshe sana, maana nao hupigwa dawa, na mikono iliyompaka mbwa dawa ya kupe isiingie kwenye tangi. Dawa za samaki zenye shaba nazo ni sumu kwake.

Chakula ni rahisi: majani, kipande cha boga, dagaa wa ziwani asiye na chumvi mara mbili kwa wiki. Mpe jioni, makombo yatoe asubuhi kabla hayajaoza. Ganda la yai lililosagwa lisikosekane, linampa madini ya gamba.

Akigoma kula na kujifungia ndani ya kifuu, usimtoe. Anajiandaa kujivua. Niliwahi kuangalia kwa tochi: gamba lilifunguka mstari kwa nyuma, pale mgongo unapokutana na mkia, naye akatoka kinyumenyume, mguu baada ya mguu, laini na mweupe kuliko alivyokuwa. Kilichobaki kilikuwa kaa mzima kwa macho, mpaka vifuniko vya macho yenyewe. Ndiyo maana watu hunipigia simu kwamba kaa amekufa. Tazama kwanza kama ni tupu ndani. Gamba hilo usilitupe, atalila. Usimguse siku kadhaa mpaka akaze, na kama alikuwa amepoteza gando, hapo utaliona jipya, dogo, likianza.

Wengi baadaye wanataka kumwongezea mwenzake. Aliyejivua gamba ni kitoweo kwa mwenzake, na tangi hili halina pa kukimbilia. Kaa wa pili anahitaji tangi la pili, na silisemi hili kwa sababu ya biashara tu.