Thomas: jinsi ya kuupata muswada wa Marekani bila kuumizwa na bili ya simu (mwongozo wa mwaka 1996; Thomas ilifungwa 2016)

Thomas ni tovuti ya bure ya miswada, ya Maktaba ya Bunge la Marekani, iliyofunguliwa Januari 1995. Anwani ni thomas.loc.gov, na jina ni la Thomas Jefferson. Hakuna karani anayeitwa hivyo wa kumbembeleza. Kuifungua ni rahisi. Shughuli ni kutoka na andiko ulilolifuata.

Kabla ya kupiga modemu, kile kifaa cha kuingia mtandaoni kwa laini ya simu, uwe na namba ya muswada na namba ya Bunge. Namba za miswada huanza moja upya kila Bunge jipya, yaani kila miaka 2, kwa hiyo H.R. 1 ya Bunge la 103 na ya Bunge la 104 hazina undugu. Huna namba ya Bunge? Chukua mwaka, toa 1789, gawa kwa 2, ongeza 1. Mwaka 1995 unakupa 104. Mwaka ukiwa shufwa, rudi nyuma mwaka mmoja kwanza. H.R. ni ya Baraza la Wawakilishi, S. ni ya Seneti.

Zima picha kwenye kivinjari. Modemu ya 14.4 ikiwa na siku nzuri hushusha takribani kilobaiti 1.5 kwa sekunde, kwa hiyo andiko la kilobaiti 300 litakula zaidi ya dakika 3 za simu. Na ukiwa na namba, itumie hiyo, usitafute kwa maneno: neno telecommunications litakumwagia rundo la miswada ambayo wewe hukuiulizia.

Sasa panapoumiza watu: muswada mmoja una maandiko kadhaa. Mwisho wa namba ya kila andiko kuna herufi. ih ni ulivyowasilishwa Baraza la Wawakilishi, rh ulivyotoka kwenye kamati, eh ulivyopitishwa na Baraza. Kwa Seneti ni is, rs na es. enr ndiyo nakala ya mwisho, iliyopelekwa kwa Rais. Chukulia sheria ya mawasiliano iliyosainiwa 8 Februari 1996. Anayefuata H.R. 1555 atapata muswada halisi, uliopitishwa na Baraza Agosti 1995, atauchapa wote, na bado hatakuwa na sheria mkononi. Baraza liliyaingiza maneno yake ndani ya S. 652 ya Seneti, kamati ya maridhiano ikayakoroga yote pamoja, na kilichosainiwa ni S. 652, sasa Public Law 104-104. Kwa hiyo fungua kwanza ukurasa wa hatua za muswada, tazama ulihamia wapi, ndipo ushushe enr. Skrini haitakuonya, itakupa ulichoomba, hata kama umeomba kisicho chenyewe.

Ukipata, usihifadhi anwani iliyo juu ya kivinjari. Ikiwa ndani yake kuna neno temp, hiyo ni ya muda tu. Seva huifuta baadaye, na kesho utaambiwa utafute upya. Hifadhi andiko lenyewe kwenye diski, na kwenye daftari andika: 104, S. 652, enr. Hiyo haifutiki.

Kwenye maandiko yaliyotoka kamatini utakuta alama yenye maneno Struck out na mshale. Yaliyo kati ya alama hizo yamekatwa. Kwenye karatasi yangekuwa na mstari juu yake, lakini maandishi matupu hayawezi kuchora mstari, na kuna watu hunukuu vifungu vilivyokufa kwa kujiamini kabisa. Ukitaka kuuona ukurasa kama ulivyochapwa, nenda GPO Access, tovuti ya mpigachapa wa serikali, uchukue PDF. Tangu Desemba 1995 nayo ni bure, ila PDF ni nzito, na lazima uwe na Acrobat Reader.

Hansadi yao, Congressional Record, nayo imo. Mijadala ya kamati ndiyo shida: hapo bado ni simu na bahasha. Na ukiona muswada umepelekwa kamatini halafu miezi inapita kimya, mtandao haujaharibika. Muswada umelala tu. Bunge la 104 likimaliza muda wake 3 Januari 1997 bila kuupitisha, utakufa. Akitokea wa kuurudisha, utapewa namba mpya na utaanza kuutafuta kama hujawahi kuuona.