Kiungo cha leza: ogopa ukungu kuliko mvua
Ukiunganisha majengo mawili kwa intaneti ya leza, yaani mwale wa mwanga unaobeba data hewani, mvua isikutishe sana. Adui ni ukungu. Vitone vyake ni vidogo mno, ukubwa wake unakaribiana na urefu wa wimbi la mwanga, ndiyo maana huutawanya vibaya: ukungu mzito huweza kula zaidi ya desibeli 100 (kipimo cha nguvu inayopotea) kwa kilomita, yaani karibu mwanga wote. Kuongeza nguvu ya leza hapo hakufui dafu. Fupisha umbali: kwenye ukungu wa Limuru, Kenya, hata kilomita moja ni ndefu. Kisha funga pembeni redio ya gigahezi 70 au 80, ipokee kazi yenyewe mwanga ukififia. Redio hiyo huteswa na mvua kubwa, lakini ukungu huupenya karibu bila shida.