Kuendesha kikao cha kusukuma mashauri ya jinai wilayani

Kikao cha kusukuma mashauri, yaani cha kuondoa vikwazo ili majalada yasonge mbele, hukutanisha watu wasioweza kuamrishana. Hakimu Mfawidhi ndiye mwenyekiti, lakini Mkuu wa Upelelezi wa Wilaya hapokei amri kwake. Polisi na Magereza wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, waendesha mashtaka wako Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, afisa ustawi wa jamii ni wa halmashauri, na Mahakama ni mhimili unaojitegemea. Utengano huo umewekwa makusudi, ili anayekamata asiwe ndiye anayehukumu. Gharama yake ni kwamba jalada linaweza kulala miezi mpakani mwa ofisi mbili, kila ofisi ikiamini liko kwa mwenzake, na muda wote huo mtu yuko gereza la Isanga anahesabu siku. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na kukabidhi ripoti yake kwa Rais Julai 2023, ilizitazama taasisi hizi kwa pamoja, na kikao cha wilaya kinapaswa kuzitazama hivyo hivyo.

Kwa kuwa mwenyekiti hana amri juu ya wajumbe wengi, nguvu ya kikao iko kwenye orodha: kila jalada liwe na kazi moja inayofuata, mtu mmoja wa kuifanya, na tarehe moja. Haya yafuatayo ni kwa wenyeviti na makatibu wa kamati hizo, kuanzia Dodoma Jiji hadi Chemba, Kondoa, Mpwapwa, Kongwa, Bahi na Chamwino.

Orodha ndiyo kazi yenyewe

Siku saba kabla ya kikao, katibu aombe orodha tatu: ya mahabusu wote kutoka gerezani, ya mashauri ya jinai yanayoendelea kutoka masjala ya mahakama, na ya majalada ya uchunguzi yaliyo wazi kutoka kwa Mkuu wa Upelelezi. Orodha ya tatu watu huisahau. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yalizuia kufikisha shauri mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa mazito. Yalikuwa marekebisho mazuri, lakini kusubiri hakukuisha. Sehemu yake ilihamia kituoni. Kamati inayotazama rejesta ya mahakama peke yake itaona takwimu nzuri huku wananchi wakiendelea kuripoti polisi kila wiki kwa dhamana ya polisi, na walalamikaji wao wakikata tamaa.

Linganisha orodha ya gereza na ya mahakama mstari kwa mstari. Usitegemee majina. Hati inasema Mazengo, daftari la gereza linasema Masengo, na jina la babu limeachwa. Tumia namba ya shauri pamoja na tarehe ya kuingia gerezani. Katika ulinganisho huu yatajitokeza mambo manne, na kila moja lina dawa yake: aliye gerezani ambaye shauri lake halionekani mahakamani (mara nyingi liliondolewa, kisha akakamatwa upya kwa namba nyingine), aliyepewa dhamana lakini hajatimiza masharti, mwenye mashauri mawili, ambaye dhamana ya moja haimtoi, na anayeonekana mahakamani kuwa yuko mahabusu ilhali alishatoka. La kwanza ni la kushughulikiwa siku hiyo hiyo kwa simu, bila kungoja kikao.

Panga orodha kwa umri wa mahabusu, yaani siku tangu alipoingia gerezani. Ukipanga kwa namba ya shauri, aliyefunguliwa shauri jipya baada ya la zamani kuondolewa ataonekana mgeni, kumbe ana mwaka mzima ndani. Walio chini ya miaka 18 wakae juu kabisa, hata kama waliingia jana, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya 2009 inawapa mahakama na utaratibu wao. Ambaye umri wake una utata, afisa ustawi wa jamii apewe kazi ya kutafuta cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, na aandikiwe tarehe.

Safu za orodha zisizidi saba: namba ya shauri, kosa, siku za mahabusu, kilichokwama, kazi inayofuata, jina na cheo cha mhusika, tarehe ya mwisho. Safu ya nne ndiyo inayoharibika kuliko zote. "Upelelezi haujakamilika" hakuelezi kilichokwama. Kilichokwama ni ripoti ya Mkemia Mkuu wa Serikali, au PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, ambayo daktari hajaijaza, au maelezo ya shahidi aliyehama, au jalada lililopelekwa kwa Wakili wa Serikali na halijarudi. Katibu arudishe orodha yoyote yenye neno hilo peke yake. Ni usumbufu kwa miezi miwili ya kwanza, kisha wapelelezi huzoea.

Siku ya kikao

Orodha ya majalada 120, kila moja likipewa dakika mbili, ni saa nne, na baada ya saa ya pili hakuna anayesikiliza. Chagua majalada 30, dakika tatu kila moja, kikao kiishe kwa saa moja na nusu. Mengine yabaki kwenye karatasi. Uchaguzi uwe wa wazi: walio juu kwa umri wa mahabusu, yaliyoshindwa kutimiza ahadi ya kikao kilichopita, na yanayokaribia ukomo wa kisheria.

Kuhusu ukomo huo, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, hairuhusu mahakama ya chini kuahirisha shauri la aliye mahabusu kwa zaidi ya siku 15 kwa mara moja. Kwa makosa mengi yanayosikilizwa katika mahakama hizo, zikipita siku 60 tangu mshtakiwa afikishwe, maahirisho zaidi yanahitaji hati ya Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa, na baadaye hati za ngazi za juu hadi Mkurugenzi wa Mashtaka. Weka alama siku ya 45. Ukingoja siku ya 60, hati itaombwa kwa mazoea, na tumeona ofisi nyingi zikiigeuza hati hiyo kuwa sehemu ya kawaida ya jalada. Siku ya 45 bado kuna muda wa kuuliza kama kweli upelelezi huo unahitaji kuendelea.

Mjumbe anayetuma mwakilishi asiye na jalada wala mamlaka anavunja kikao. Anasema "nitafikisha", na neno hilo halina tarehe. Mualike Mkuu wa Upelelezi mwenyewe au msaidizi wake anayegawa majalada; mkuu wa gereza au ofisa wa mapokezi mwenye daftari; Wakili wa Serikali anayeshika mashauri hayo; afisa ustawi wa jamii, afisa wa huduma za uangalizi, TAKUKURU palipo na shauri lao, na wakili wa kujitegemea au mtoa msaada wa kisheria aliyesajiliwa chini ya sheria ya 2017. Mtu wa hospitali ya wilaya aje walau kila baada ya vikao viwili. PF3 nyingi hukwama kwa sababu daktari aliyemwona majeruhi amehamishwa, na hospitali pekee ndiyo inayojua aliko.

Mwiko mmoja usivunjwe: ushahidi haujadiliwi. Hakimu aliye mwenyekiti huenda ndiye atakayesikiliza shauri hilo. Akisikia mpelelezi akisema "huyu tunaye, ana rekodi", uhuru wake umeguswa, na wakili wa utetezi ana haki ya kulalamika. Mazungumzo yaishie kwenye mwendo wa jalada: liko wapi, linangoja nini, nani atalisogeza, lini.

Mashahidi, barabara na msimu

Hapa kamati nyingi za Kanda ya Kati hupoteza muda zaidi ya zinavyodhani. Mvua zetu huja msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Katika miezi hiyo shahidi wa kijijini yuko shambani na mtama au alizeti, makorongo yamejaa, na wito uliopelekwa kwa mtendaji wa kijiji unafika tarehe imeshapita. Kupanga mashahidi watano wa Kwamtoro tarehe moja ya Februari ni kupanga ahirisho. Mashauri yenye mashahidi wa mbali yapangwe kwa mfululizo kati ya Juni na Oktoba, na ya mjini yachukue nafasi ya masika. Wito utoke wiki tatu kabla, na mtendaji athibitishe kwa simu kwamba ameufikisha. Nauli ya shahidi iwe imetengwa kabla hajapanda gari. Aliyekopa nauli akarudi bila kulipwa hatarudi mara ya pili, na kijiji kizima kitajua.

Ulizeni lugha mapema. Mzee anayezungumza Kisandawe au Kirangi akihitaji mkalimani, hilo lijulikane kwenye kikao, lisigundulike asubuhi kizimbani.

Karandinga nalo lina ratiba yake. Mahakama mbili zikipanga mahabusu wengi siku moja na gari ni moja, wengine hawatafika, na rekodi itasema "mshtakiwa hakuletwa". Gaweni siku. Shauri linalokuja kutajwa tu, gereza likiwa na vifaa vya mahakama mtandao, litajwe kwa njia hiyo na gari libebe wenye mashahidi.

Kipimo kisiwapoteze

Mkipimwa kwa idadi ya mashauri yaliyomalizika, mtapata mashauri yaliyoondolewa na kufunguliwa upya siku ileile mlangoni mwa mahakama. Namba itapanda na mtu atabaki gerezani. Pimeni mambo matatu: siku za mahabusu za yule aliye katikati ya orodha, idadi ya waliozidi siku 60, na sehemu ya ahadi zilizotimizwa kwa tarehe. Kwa mlundikano, kumbukeni viwango vya Mahakama: miezi 6 mahakama ya mwanzo, miezi 12 ya wilaya na ya hakimu mkazi, 24 Mahakama Kuu.

Baada ya kikao

Mali bila daftari hupotea bila habari. Muhtasari wa ukurasa mmoja, wenye ahadi tu, utumwe ndani ya siku mbili. Siku kumi baadaye katibu awapigie wahusika wa ahadi ambazo bado. Ahadi ikishindwa mara mbili, mwenyekiti amwandikie mkuu wa mjumbe ngazi ya mkoa, nakala kwa mjumbe mwenyewe. Asimruke kimyakimya, la sivyo hatapata ushirikiano wake tena.

Afisa anapohamishwa, ukurasa wa ahadi zake uingie kwenye hati ya makabidhiano, mrithi auweke saini. Mrithi akiwa hajafika, jina la kaimu liandikwe kwenye safu ya mhusika siku hiyo hiyo, na tarehe zibaki zilezile.