Viwavi kwenye mboga: anza kwa kugeuza majani

Ukiona mboga zako zimetobolewa matundu, usikimbilie dawa. Geuza majani kwanza. Vipepeo na nondo wengi hutaga upande wa chini wa jani, na mayai hayo ukiyasugua kwa kidole mapema, umeokoa mmea. Kagua kila baada ya siku 2 au 3, kwa sababu mengi huanguliwa ndani ya wiki moja tu. Usipomwona kiwavi, tafuta vinyesi vyake: vipunje vya kijani au vyeusi juu ya majani. Mwenyewe yuko karibu, na kwenye kabichi hupenda kujichimbia katikati kabisa. Mtoe kwa mkono, umtumbukize kwenye maji ya sabuni. (Wenye manyoya washike kwa glavu, wengine huwasha vibaya.)

Wakizidi, kuna dawa inayotokana na bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayofaa zaidi bustani ya nyumbani. Humuua kiwavi anapoila, na huwaua wadogo kwa urahisi zaidi kuliko wakubwa. Nyunyiza jioni, maana jua huiharibu haraka, na hakikisha inafika chini ya majani.

Miche inayokatwa shinani usiku ni kazi ya sota, kiwavi anayejificha udongoni mchana. Fukua udongo kidogo kuzunguka shina, utamkuta amejikunja.

Na tafadhali, kiwavi aliyebeba vifuko vidogo vyeupe mgongoni mwache. Hivyo ni vya nyigu wadogo waliomla kwa ndani, na wakitoka humo watakwenda kuwatafuta viwavi wengine.